Kuvua kapi kwa tiketi ya siku moja wakati wa baridi kali: maoni yangu baada ya kwenda mara tisa

Wadau wa mshipi na ndoana habari zenu. Nimemaliza msimu wa baridi nikivua kapi kwenye ziwa la tiketi, yaani unalipia kuvua siku hiyo, lililo karibu na ninapokaa, nimeenda mara tisa, zote za mchana tu, na nimeona niandike kwa kirefu maana kila nikitafuta maoni nakuta watu wanaongelea kiangazi, au wale wanaopiga hema wakalala ziwani siku tatu nne. Mi hizo siku sina. Nina siku moja, mwanga wa masaa nane basi, jua likishuka nafungasha narudi nyumbani. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa siku moja kwa watu wa siku moja. Jina la ziwa naliacha maana kuna mambo nimeyalalamikia humu na wale jamaa kwa mengine ni watu wazuri sana, sitaki kuwaharibia.

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike: tiketi ya baridi inalipa kama ziwa linakuruhusu kuhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine siku hiyo hiyo. Kama ukishapangiwa kiti chako ndo hicho mpaka jioni, usinunue, subiri maji yapate joto. Nitaeleza kwa nini.

Kapi kwa asiyemjua ni samaki wa maji baridi, mnene, magamba ya rangi ya shaba, ana sharubu nne mdomoni ambazo anazitumia kupapasa matope. Kuna aina yake anaitwa kapi kioo ambaye magamba yake ni machache na makubwa yanang'aa kwelikweli. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kapi hana tumbo la chakula kama letu, ana utumbo mrefu tu, chakula kinapita moja kwa moja, ndo maana wakati wa joto anakula kidogo kidogo siku nzima bila kuchoka. Sasa mwili wake unafuata joto la maji. Maji yakiwa ya nyuzi 20 anakimbia huku na huku na njaa yake haiishi, yakishuka mpaka nyuzi 5 kila kitu ndani yake kinaenda taratibu, anasaga taratibu, anatembea taratibu, hana haja ya kula sana kwa sababu hatumii nguvu. Lakini halali moja kwa moja kama watu wanavyosema. Anakula, ila anakula kwa muda mfupi alafu anaacha. Wanakaa pia wamesongamana, kundi zima linaweza kuwa kwenye eneo dogo tu na ziwa lote lililobaki likawa halina samaki hata mmoja. Hapo ndo pa kushika. Ukinunua tiketi ya baridi hununui masaa nane ya kuvua, unanunua kama saa moja hivi ambayo samaki wako tayari kudonoa, na hujui ni saa ngapi wala ni wapi.

Safari zangu tatu za kwanza nilifanya kile kila mtu anafanya, nikaenda kukaa kwenye kina. Ukiongea na watu watano pale getini wote watakuambia baridi ikija samaki wanashuka chini kwenye kina kirefu kwa sababu huko kuna joto kidogo. Nikakaa karibu na tuta, fimbo tatu, mara ya kwanza patupu, ya pili patupu, ya tatu patupu, na majirani zangu wote pale patupu. Nilirudi nyumbani ile siku ya tatu vidole havikunjiki nikaanza kufikiria vizuri hii ishu ya kina. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, ndo maana kwenye ziwa refu kwenda chini, yale ya nyuzi 4 yanakaa chini na yaliyo baridi zaidi ya hapo yanakuja juu mpaka yanaganda barafu. Hiyo ni kweli. Lakini hili ziwa letu sehemu ndefu kabisa haifiki mita nne, upepo ukipiga siku mbili maji yote yanachanganyika, juu na chini joto ni lile lile. Kina kinamsaidia nini samaki hapo? Kwenye ziwa fupi namna hii kinachobadilisha mambo ni jua, na pale ambapo upepo hauingii. Maji mafupi yaliyokingwa na upepo yakipigwa na jua kuanzia asubuhi, mchana yanakuwa yamepanda hata nyuzi moja, na kwa samaki aliyekaa wiki nzima kwenye nyuzi 5 hiyo nyuzi moja anaisikia.

Safari ya nne ndo ilinifungua macho. Nimekaa pale pale kwenye tuta, saa sita na robo naangalia upande wa pili kwenye matete yaliyokauka, nikaona maji yamejikunja kidogo tu, sio kuruka, ni kama mtu kafinya kitambaa. Samaki anajigeuza. Nikasubiri. Kama dakika tano hivi pakajikunja tena. Nikabeba fimbo moja tu, wavu na mkeka wa kumlazia samaki, nikazunguka mbio, nikarusha chambo kimoja pembeni kidogo na pale, sikutupa chakula kingine chochote majini. Dakika ishirini nzima kimya. Alafu kile kibonye cha mshipi, kinachoning'inia kwenye mshipi kuonyesha samaki akivuta, kikapanda sentimita mbili kikasimama. Wakati wa kiangazi ningekipuuza. Nikanyanyua fimbo na huyo kapi yuko upande wa pili, mzito, hana papara, anazunguka chini kwa chini tu kama anayeburuta godoro lililolowa. Kilo saba na ushee, kapi kioo, rangi imekolea vile wanavyokuwa wakati wa baridi, kahawia ya kuiva kabisa na chini ya tumbo chungwa. Sijawahi kuona samaki wa kiangazi mwenye rangi ile. Saa saba na nusu pale kwenye matete pakawa pamekufa tena, sikupata hata mguso mwingine mpaka naondoka.

Kuanzia hapo nikabadilisha kila kitu. Sasa nikifika sitandiki vitu. Naacha mzigo kwenye gari, nazunguka ziwa lote mara moja, natazama, nashika fimbo moja tu na mfuko mgongoni. Nikikaa sehemu saa moja na nusu bila kuona kitu wala mshipi kuguswa nahama. Mshipi kuguswa ni jambo kubwa sana wakati wa baridi watu wanalidharau, ile alamu ya kwenye fimbo inayolia mshipi ukisogea, ikilia mlio mmoja tu, tip, alafu kimya, mara nyingi sio samaki kadonoa chambo, ni samaki kapita akagusa mshipi kwa mwili, maana yake wapo hapo katikati kati yako na chambo chako. Vuta, rusha karibu zaidi. Kwenye safari sita kuanzia hiyo ya nne nilipata samaki watano, patupu mara mbili tu, na wote watano niliwapata baada ya kuhama angalau mara moja. Hata mmoja hakutoka kwenye kina.

Na hapa ndo naipongeza huduma ya ziwa hili kwa moyo mmoja. Kuhama ni ruksa, unamwambia tu mlinzi umeenda sehemu ya kuvulia namba ngapi ili wajue uko wapi. Na pale getini wana ubao wa chaki, kila asubuhi mlinzi anaandika joto la maji na upepo unatokea upande gani, na haachi kuandika la jana na juzi pembeni. Kitu kidogo lakini kwa mvuvi wa baridi huo ubao ni mali. Kwa sababu namba yenyewe peke yake haikuambii sana, kinachokuambia ni inapanda au inashuka. Mimi nimeshapata samaki maji yakiwa nyuzi 5 na nusu yanapanda kutoka 4, na nimekaa patupu kabisa yakiwa 8 yanashuka kutoka 10. Siku nzuri ni zile ambazo presha ya hewa imeshuka, mawingu mazito, upepo wa vuguvugu umevuma siku mbili tatu mfululizo, mvua nyepesi. Siku zinazopendeza kwenye picha, anga ya bluu na sakitu nyeupe kwenye majani, hizo ni ngumu, ingawa mchana jua likikaa zinaweza kukupa ile nusu saa kwenye maji mafupi.

Lawama yangu kubwa ni geti. Linafunguliwa saa mbili asubuhi na mnatakiwa mmetoka saa tisa na nusu. Kuna vipindi vitatu ambavyo kapi wa baridi huwa anachokoza: kunapopambazuka, saa sita mpaka saa nane mchana, na ile nusu saa ya kuingia giza. Kwa hayo masaa yao mtu anayelipa tiketi anapoteza viwili kati ya vitatu. Naelewa hawataki watu waanguke gizani kwenye zile mbao za kukanyagia zenye barafu, lakini nusu saa tu asubuhi na nusu saa jioni ingebadilisha siku nzima ya mtu. Niliwaandikia mara mbili, mara ya kwanza hawakujibu.

Chambo sasa. Pale kuna kiduka kidogo ndani ya geti, wanauza funza, mahindi ya kopo na vile vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa vinaitwa boili. Boili ni kitu kizuri, lakini kiduka kinauza zile za kiangazi zenye mafuta mengi ya samaki, na kwenye maji ya nyuzi 5 mafuta yanakuwa mazito, harufu haitoki vizuri, unakuwa umeweka jiwe la bei. Baridi inataka boili ndogo za milimita 10 au 12, isiyo na mafuta, yenye ladha inayoyeyuka kwenye maji haraka. Mi nimeishia kwenye kitu rahisi, kidonge kimoja kinachoelea cha pinki au njano iliyowaka, kimekaa sentimita tano juu ya matope, peke yake. Maji ya baridi yanakuwa maangavu sana kwa sababu ule ukijani wa mwani unakufa, samaki anaona kwa mbali, rangi inafanya kazi yake. Siku ambayo naona dalili wanakula ndo nabadili kwenda funza. Funza wakati wa baridi hawana mpinzani, wanachezacheza, wanasagika haraka, samaki hashibi. Shida ni funza wa kiduka, mara mbili nimeuziwa kontena nusu wamekufa wamenuka, na muuzaji alibadilisha bila maneno lakini jamani si uangalie kabla ya kumpa mteja?

Chakula cha kutupia weka kidogo mno. Mfuko mdogo wa PVA, ule unaoyeyuka majini, na funza kiganja kimoja ndani yake, inatosha kwa kila mrusho. Niliona jamaa mmoja anamimina ndoo nzima ya boili asubuhi, nikamuonea huruma kwa kweli maana samaki kumi wa baridi hawawezi kuimaliza kwa wiki, siku yake aliimaliza yeye mwenyewe saa mbili na nusu.

Siku ambazo hawako chini kabisa wanakuwa wameelea katikati ya maji, na ukiweka chambo kwenye matope unawavulia chini ya miguu yao. Hapo unatumia mshipi mrefu wa ndoana, mita moja na nusu au mbili juu ya chubwi, na kipande cha sponji cheusi kinachonyanyuka mpaka kimo ulichotaka. Wawili kati ya watano wangu walitoka hivyo. Ila kuwa makini chubwi iwe imefungwa kwa namna ya kuchomoka mshipi ukikatika, usimwachie samaki jiwe la kuburuta.

Kuhusu vyombo sitaongea sana kwa sababu huhitaji vingi. Fimbo mbili, moja ikiwezekana. Ndoana ndogo, namba 10, isiyo na kimwiba cha nyuma, pale ziwani ni sheria na ni sheria nzuri. Chambo kinakaa kwenye uzi mwembamba nje ya ndoana, ule mtindo uliogunduliwa Uingereza na Lenny Middleton na Kevin Maddocks kuelekea mwaka 1980, na mwanzoni kabisa walitumia unywele halisi wa mtu ndo maana mpaka leo unaitwa unywele. Samaki anafyonza chambo, anakitema, ndoana inabaki. Kwa kapi wa baridi anayefyonza kwa uvivu, huo uzi fanya mfupi. Kibonye cha mshipi kiwe chepesi na alamu iweke kwenye usikivu wa juu. Alamu za kielektroniki zenyewe alizianzisha Richard Walker, ndo huyo huyo aliyemuopoa kapi wa ratili 44 pale Redmire Pool mwaka 1952, kama kilo 20 hivi, rekodi ya Uingereza iliyokaa miaka mingi. Lakini usiitegemee alamu ukaangalia simu. Baridi inanyonya betri, ya kwangu ilizima saa tano siku moja na sikujua mpaka nilipoona mshipi umelegea. Angalia maji.

Samaki akishatoka, jamani, hapa naomba tusikilizane. Hewa ikiwa chini ya sifuri, matamvua na macho ya kapi yanaweza kuganda ukimweka nje, na yeye hawezi kukuambia. Mkeka uloweshe kwanza, na kama maji juu ya mkeka yanaganda basi samaki asitoke kabisa, mtoe ndoana akiwa ndani ya wavu majini. Kamera iwe tayari kabla hujamnyanyua, picha moja, arudi. Mikono ilowe. Na wavu na mkeka uje umekauka, mlinzi wa pale anakagua getini na nampongeza kwa hilo, wavu uliolowa kwenye ziwa lingine unaweza kuleta virusi vya kapi, wale wa herpes ambao wanaua ziwa zima maji yakishapata joto. Watu wanalalamika anawachelewesha dakika mbili. Mwacheni akague.

Nguo: tabaka tabaka, pamba isiguse ngozi maana ikilowa jasho inakuwa barafu, sufu ndo mambo yote, buti zilizozidi saizi moja ili soksi mbili ziingie bila kubana, mguu uliobanwa unaganda haraka. Mimi huwa natembea, kuhama kwenyewe kunanipasha.

Sasa kuna jambo ambalo sitalipita hivi hivi. Safari ya saba nilipita nyuma ya kijihema cha kujikinga upepo, kimefungwa zipu mpaka chini, ndani nasikia jiko la gesi linanguruma. Nikagonga. Jamaa akafungua anasema kichwa kinamuuma tangu asubuhi na anasikia usingizi. Nikamwambia toka nje sasa hivi. Ile ni kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, kwanza inakuuma kichwa alafu inakulaza, na watu wanakufa hivyo kila msimu wakidhani wanajipasha joto. Jiko lolote, heta yoyote, mkaa, visiingie kwenye hema lililofungwa, hata kidogo, hata kwa dakika tano, hata ukiacha upenyo. Alikaa nje nusu saa akapata nafuu tukampeleka getini, akapelekwa hospitali, yuko mzima. Nilipoangalia ule ubao mkubwa wa sheria nikakuta marufuku kumi na nne, mbwa, redio, kuogelea, ndoana zenye mwiba, kuhusu jiko ndani ya hema hakuna hata mstari. Barua yangu ya pili ilikuwa ya hilo. Hiyo walijibu siku hiyo hiyo, na nilipokwenda mara ya nane tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa choo na kwenye kiduka, herufi kubwa nyekundu.

Kwa hiyo alama zangu: kuruhusu kuhama na ubao wa joto, tano kwa tano. Utunzaji wa samaki, tano. Kiduka, mbili. Masaa ya geti, mbili. Njia za kutembelea zilikuwa na utelezi upande wa matete, tatu, wakimwaga mchanga zitakuwa nne.

Safari ya tisa ilikuwa mwishoni mwa baridi, ubaoni imeandikwa nyuzi 7, jana 6, juzi 5. Nilihamia ghuba ndogo nyuma ya kisiwa kwa sababu jua lilikuwa linapiga pale tangu asubuhi, saa sita kasoro nikapata mguso wa mshipi, nikavuta chambo karibu, saa sita na dakika kumi kibonye kikapanda mpaka juu kikagonga fimbo. Kilo tisa na gramu mia mbili, kapi wa magamba kamili, sharubu zote nne ziko sawasawa, hajawahi hata kuchubuka mdomo. Nilimtoa ndoana akiwa majini, nikampima, nikamshikilia kwenye maji mafupi mpaka akajiondokea mwenyewe taratibu kuelekea kisiwani. Mlinzi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akaniambia msimu ujao wanajaribu kufungua saa moja na nusu.

Tiketi ya siku ya kwanza nshaweka oda.